Hujafika Kiwango

3 Machi

Mvua imeanza leo, na imeanza kwa fujo. Maji yameingia kwa mlango wa nyuma, ule tunaopokelea nguo chafu, na tumefanya kazi viatu vikilia chwa, chwa, mpaka jioni. Dada amekohoa tangu asubuhi. Nimemwambia ni baridi ya sakafu. Akasema si baridi, ni mimi na maneno yangu mengi, ninammalizia hewa.

5 Machi

Shuka, shuka, shuka.

6 Machi

Leo nina nafasi, niandike tunavyoishi. Sisi tuko chini kabisa ya hospitali, chumba cha kufulia. Shuka za wagonjwa, nguo za upasuaji, foronya, mapazia, vyote vinashuka kwetu vikiwa uozo na kupanda tena vikiwa vyeupe. Huku chini sote ni weusi. Kule juu karibu wote ni weupe, ukiwatoa wafagiaji na wauguzi wachache. Hakuna aliyebandika tangazo kwamba iwe hivyo, lakini nimekaa hapa miaka mingi na sijaona mweupe akichambua shuka zenye damu.

Kuchambua ni kazi ya Dada. Zenye damu huku, zisizo na damu kule. Mimi niko kwenye pasi kubwa ya rola. Kazi zote ni za kusimama. Mapumziko hakuna, ukiacha chakula cha mchana, isipokuwa kwa wavutaji. Wavutaji wanatoka uani dakika kumi asubuhi na dakika kumi alasiri, kwa sababu bwana aliyeweka utaratibu huo zamani alikuwa mvutaji mwenyewe na aliwahurumia wenzake. Asiyevuta atoke akafanye nini? Ndivyo Dada alivyoanza sigara, mwaka aliorudi kazini na uzazi mchanga, miguu imemvimba kama mikate. Hakuwa na hamu ya moshi. Alikuwa na hamu ya kukaa.

Mimi nilijaribu ujanja. Nilikuwa natoka na sigara moja nisiyoiwasha, ile ile kila siku, mpaka ikakunjamana. Msimamizi akaigundua. Tunamwita Saa Mbovu, maana saa yake hukimbia wakati wa kuingia na kusinzia wakati wa kutoka. Akaniuliza, "Mama, hiyo sigara yako mbona haitoi moshi?" Nikamjibu kwamba bado tunazoeana. Watu walicheka siku mbili, na mimi nikarudishwa kwenye rola, na tangu hapo nasimama.

9 Machi

Wamebandika matangazo kila ngazi. Kampeni ya mapafu: wavutaji wapigwe picha ya kifua, bure, mpaka mwisho wa Aprili. Kwenye tangazo kuna mtu mweusi anakohoa, na daktari mweupe amemshika bega anatabasamu. Mzee wa Boila, anayetuchemshia maji, ameliangalia kwa muda mrefu. "Afadhali," akasema, "hata kwenye picha tunashikwa bega."

13 Machi

Mtaani kwetu leo wamekuja mabinti wenye fulana za kijani, wanagawa sigara za mnanaa. Bure, mbili mbili, na tabasamu juu. Mabango ya sigara hizo yamejaa kuanzia kwenye daraja mpaka mlangoni kwetu. Ng'ambo ya daraja, wanakoishi watu wa ghorofa za juu, nilifanya usafi wa nyumba miaka mitatu na sikuona bango hata moja. Nimemwambia Dada. Akasema labda huko hawana ukuta wa kubandika. Kisha akachukua zake mbili. Anasema za mnanaa hazimkwaruzi koo.

14 Machi

Mvua. Kikohozi. Saa Mbovu kamwambia Dada akohoe upande wa pili, asikoholee shuka.

18 Machi



Alasiri nilikuwa napitisha foronya kwenye rola, na katikati ya foronya kikapita kitambaa kidogo cha mkononi. Si cha hospitali. Kina pindo la buluu, nimelishona mimi mwenyewe. Kilikuwa safi, cha moto, kimenyooka. Nikasimamisha mashine. Kitambaa cha Dada kimefikaje huku? Nguo zetu hatufulii hapa, ni marufuku.

Nikaenda mezani kwake. Nikamkuta anachambua, na nikamwangalia mikono kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Alikohoa, akajifuta mdomo, na kitambaa akakitupa kwenye rundo la zenye damu, haraka, kama mtu anayejua pa kutupa. Nani atakitambua? Pale kila kitu kina damu.

Nilimshika mkono. Nikamuuliza tangu lini. Akasema, "Nyamaza wewe, watu wanasikia." Nikauliza tena. Akasema tangu kabla ya mvua.

Ni yeye aliyenilea. Mama alipotutoka nilikuwa sijui hata kufunga kamba za viatu. Nimelia nyuma ya mashine ya kukaushia, kwa sababu pale kuna kelele.

19 Machi

Dada hataki kupimwa. Mzee wa Boila amempigia methali: "Mficha maradhi kifo humuumbua." Dada akamwambia na yeye aende basi, maana anakohoa kama pikipiki isiyowaka. Mzee akakumbuka maji yake yanachemka.

21 Machi

Amekubali. Tulipanda kwa ngazi, maana lifti ya huku ni ya nguo. Muuguzi aliyetupokea ni msichana mweusi, mpole, kalamu ameichomeka kwenye nywele. Akatukaribisha vizuri, akatuita mama zangu. Akamuuliza Dada kama anavuta.

Dada aliniangalia kama nimemvua nguo sokoni. Mwanamke wa umri wake huvuta nyuma ya ukuta, na akiulizwa hupunguza, kama mgeni anayeulizwa amekula vipande vingapi vya nyama.

"Naonja tu, mwanangu," akasema.

"Ngapi kwa siku, mama?"

"Aa, siku nyingine mbili. Siku nyingine tatu."

Nikafungua mdomo. Dada akanikanyaga mguu, na kiatu chake ni cha kazi, kina chuma mbele.

Msichana akatabasamu. "Basi mama, hujafika kiwango. Picha hizi ni za wale wanaomaliza pakiti kwa siku, kwa miaka ishirini na zaidi. Wewe usiwe na wasiwasi."

Na Dada akashukuru! Akashukuru kama mtu aliyefaulu mtihani.

Kwenye ngazi nilimgombeza mpaka watu wakageuka. Akaniambia, "Ulitaka nimwambie nini mtoto yule? Kwamba mimi ni bomba la moshi?"

"Na damu je?"

"Damu hakuuliza."

22 Machi

Hatusemeshani. Nyumba nzima ni chumba kimoja, kwa hiyo kutosemeshana ni kazi ngumu.

24 Machi

Tumepatana kwenye chai. Nikamwambia tuhesabu kweli. Hapo ndipo nilipoona ugumu. Dada hajawahi kununua pakiti maishani. Ananunua moja moja kibandani. Uani sigara moja wanapokezana watu wanne, kila mtu pafu mbili tatu, na muda ukiisha wanaizima na kukiweka kipisi nyuma ya sikio la Mzee wa Boila mpaka alasiri. Nyumbani anamaliza vipisi vyake. Halafu hizo za bure. Sasa hiyo ni ngapi? Ukisema kweli kabisa, ni saba, labda nane. Pakiti haifiki. Mwenye pesa ya pakiti ndiye anayefika kiwango.

Kwa hiyo nilimwambia Dada arudi akadanganye. Nimeandika, na sioni haya. Mzee wa Boila alimfanyisha mazoezi uani saa ya chakula cha mchana, mvua inanyesha, wote wamebanana chini ya bati.

"Mama, unavuta ngapi?" Mzee anajifanya muuguzi, anabana pua.

"Pakiti," Dada anasema, kwa sauti ya mtu anayekiri wizi.

"Sema kwa fahari! Pakiti nzima, sista, na Jumapili naongeza!"

Walicheka wote. Dada alicheka mpaka akashika ukuta, na kicheko kikageuka kikohozi.

27 Machi

Tumeshindwa. Niandike lilivyokuwa.

Msichana yule yule. Dada akasema pakiti nzima, akasahau ya Jumapili. Msichana akatazama kompyuta yake, kisha akamtazama Dada.

"Mama, juzi ulisema mbili tatu."

"Nilikosea hesabu, mwanangu."

"Hilo la kwanza limeshaingia. Nikilibadilisha wataniuliza kwa nini, na watasema nawapitisha watu wangu."

Hasira ikanipanda. Nikasema kwa sauti kwamba anatema damu, na damu nayo iko kwenye kiwango gani? Msichana akafumba macho. Akasema, "Usingesema hilo, mama mdogo." Kampeni ni ya watu wasio na dalili. Mwenye damu ni mgonjwa tayari, aende kliniki ya kifua. Bila damu Dada hatoshi, na kwa damu amezidi.

Kliniki ya kifua inataka kadi ya matibabu. Kadi ni ya waajiriwa wa hospitali, na sisi si waajiriwa wa hospitali. Wakala wa vibarua, kampuni ya nje, ndiye anayetuajiri. Shuka zao tunafua, maji ya bomba lao tunakunywa, lakini sisi si wao. Asiye na kadi anapangiwa siku. Tumepangiwa tarehe tisa Julai.

Tulipofika kwenye ngazi msichana akatukimbilia. Akaongea kwa sauti ya chini. Akasema watu wetu huugua mapafu kwa sigara chache kuliko weupe, na mapema kuliko wao, na kule juu wanalijua hilo, limeshasemwa vikaoni mara nyingi. "Kiwango kiliwekwa kwa kuwaangalia wao," akasema. "Nasubiri kibadilishwe tangu niajiriwe."

Nikamuuliza, "Na sisi tusubiri nini?"  Macho yalimjaa maji. Sikumhurumia hata kidogo.

1 Aprili

Mvua haijakatika siku ya tano. Zahanati ya mtaani wamempa Dada dawa ya kikohozi, ya rangi ya waridi. Wamesema ni vumbi la pamba.

4 Aprili

Tangazo jipya. Hospitali yote, na uwanja wake wote, ni marufuku sigara kuanzia leo. Bati la uani limeng'olewa asubuhi. Watu wa juu wameanzishiwa darasa la kuacha, na wanapewa mabandiko ya dawa ya kubandika mkononi yanayotuliza hamu. Mzee wa Boila alikwenda kuomba. Akaulizwa kadi.

Saa Mbovu naye hakukawia. "Hakuna kuvuta, hakuna kutoka." Mapumziko yamekufa. Wenzetu sasa wanavuta chooni, kwa haraka, sigara nzima nzima badala ya pafu mbili, kwa sababu hakuna wa kupokezana naye.

8 Aprili

Msichana wa juu ameshuka leo kwetu. Sijawahi kuona muuguzi akishuka. Alijifanya ameleta gauni lililochanika, akachomoa mfukoni mabandiko sita na kumpenyezea Dada chini ya shuka. Ameyaiba darasani kwao, wanaweza kumfukuza. Nilikuwa nimemchukia vizuri sana, na sasa sijui chuki yangu niiweke wapi. Nilimwambia asante. Akasema anajaribu kuisogeza ile tarehe ya Julai.

9 Aprili

Dada amebandika la kwanza. Anasema linamwasha.

13 Aprili

Siku ya tano bila sigara! Jasho, hasira, amevunja kikombe, ameniita majina niliyoyasahau tangu utotoni. Lakini hajavuta. Nimempikia vizuri. Kwa mara ya kwanza tangu mvua ianze nimelala nikiwa na moyo mwepesi.

15 Aprili

Mabandiko yameisha. Msichana amehamishiwa hospitali nyingine. Hakuna anayesema kwa nini.

16 Aprili

Amevuta. 

19 Aprili

Nimeona la ajabu. Saa Mbovu ameleta kiti, kiti cha ofisini kwake, akakiweka penye meza ya Dada. Yeye ni mweusi kama sisi, tena tumetoka mtaa mmoja, lakini tangu apewe funguo hajawahi kutuangalia usoni. Nimemwangalia mchana kutwa. Labda nimemsema sana humu. Labda naye anaogopa walio juu yake kama sisi tunavyomwogopa. Dada amekaa, amechambua akiwa amekaa, na amekonda mpaka kiti kimebaki nafasi ya mtu wa pili.

22 Aprili

Mvua. Paa la nyumba linavuja juu ya kitanda, tumekivuta.

29 Aprili

Kufunga kampeni. Tuliletewa vitambaa vya meza tangu jana, vyeupe, vya wageni wakubwa, vipigwe pasi bila hata kunjo moja. Nimevipiga. Leo nimetumwa kuvipandisha, na nikabaki nyuma ya pazia la ukumbi nikisikiliza. Mkuu mmoja akasimama, akasema kampeni imefanikiwa kuliko ilivyotarajiwa. Akasema, "Kila aliyestahili amepimwa." Wakapiga makofi. Nilitaka kupiga kelele. Sikupiga. Nilikusanya vikombe, kwa sababu kuna mtu alinionyesha vikombe kwa kidole.

2 Mei

Dada ameanguka kazini. Damu nyingi. Mzee wa Boila na mimi tulimweka kwenye toroli la nguo na kumpandisha kwa lifti ya nguo. Mlango wa juu ulipofunguka, watu wa mapokezi walidhani tunaleta shuka, wakatuelekeza stoo. Nikapiga kelele ambazo sikujua ninazo. Sasa amelazwa. Binti yake nimempigia simu, yuko mbali, anatafuta nauli.

3 Mei

Kazini. Sijui nimepasi nini.

6 Mei

Picha imepigwa hatimaye.

Daktari alikuja asubuhi na wanafunzi wake wote, weupe watupu, wakazunguka kitanda. Niliruhusiwa kusimama upande wa kichwa cha kitanda. Akainua picha kwenye mwanga wa dirisha, akawaonyesha kwa kalamu: hapa, na hapa, na huku imeshafika kwenye mifupa. Alisema mbele yetu, kama vile sisi ni sehemu ya kitanda. Kisha akamgeukia Dada na kumwambia, kwa upole kweli, "Mama, mngekuja mapema." Kisha akawaambia wanafunzi kwamba hilo ndilo tatizo la jamii hii, hawaji kupima.

Nilitaka kusema. Dada akanishika mkono, nikajua anataka kusema mwenyewe.

"Ulikuwa unavuta ngapi kwa siku?" daktari akauliza.

Dada hakupunguza wala hakuongeza. "Saba. Siku nyingine nane. Nusu nusu."

Daktari akatikisa kichwa. Akatabasamu, lile tabasamu la kumsamehe mtoto. "Hapana, mama. Haiwezekani. Mapafu haya ni ya pakiti nzima kwa siku, labda zaidi." Na mwanafunzi mmoja nikamwona anaandika: pakiti.

Dada akamtazama daktari, kisha akanitazama mimi, na kicheko kikamtoka, kile cha uani.

"Kwa hiyo sasa nimefika kiwango?"

Daktari hakuelewa. Akamwambia muuguzi apunguze dawa ya maumivu, inamchanganya mgonjwa.

Nilimfuata mlangoni. Nikamweleza yote, kuanzia kiwango, pafu mbili, Julai. Nilisema vibaya, nilikuwa nalia. Akanisikiliza, sitamsingizia. Halafu akasema, "Pole sana. Lakini mimi ni wa wodi. Ile kampeni ilikuwa ya idara nyingine."

Nilirudi kitandani. Dada ameniuliza amesema nini. Nimemwambia amesema pole. Akasema, "Si haba."

7 Mei

Ameomba arudi nyumbani. Wamesema paa linavuja, haifai. Nani aliwaambia paa linavuja? Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu.

9 Mei

Leo amenitania. Amesema shuka za wodi yake zina kunjo, nani huyo anayepasi. Nimemwambia nitamfukuza kazi. Sauti yake imebaki upepo tu.

10 Mei

Saa Mbovu amesema nikipanda tena wodini saa za kazi nafasi yangu ana wa kumpa. Hakuniangalia. Kiti amekirudisha ofisini.

12 Mei

Mvua imekatika. Jua limewaka siku nzima, na hakuna aliyelishukuru.

14 Mei

Dada amefariki leo saa nane mchana. Mimi nilikuwa chini, kwenye rola. Walipiga simu ya chumba cha kufulia, na Saa Mbovu akaipokea. Nilimwona anasikiliza, nikajua. Akaiweka simu, akanijia polepole, akavua kofia. Akaniambia pole, mama, dada yako hatunaye. Akasema niende nikamwone. Kisha akaangalia saa yake, akaangalia toroli lililokuwa mbele yangu, shuka za wodi za juu zinazosubiriwa kabla ya saa tisa, na akasema, "Ila malizia kwanza hilo toroli."

Nikalimaliza.